Kengele, breki na taa: maswali ambayo waendesha baiskeli wa Tabora hawaachi kuuliza

Mimi ni fundi baiskeli, na maswali haya yameokotwa kijiweni kwangu, chini ya mwembe, kati ya kiraka kimoja na kingine. Mengine nimeulizwa mara nyingi mpaka mteja hajamaliza mimi nishajibu. Nimeanza na yale ya kawaida, nikamalizia na yale ambayo mtu huuliza kwa sauti ya chini wenzake wakishaondoka. Jibu likikutuma kwenye swali jingine, nenda huko. Sipendi kurudia maneno.

## Kengele yenyewe

Kengele ya nini, wakati mdomo ninao?

Mdomo unao, ila tazama unavyoutumia. Ukimjia mtu kwa nyuma ukapaza "weweee!", kwanza anashtuka, halafu anageuka akuone. Akigeuza shingo na mwili unafuata, na mguu unaingia palepale ulipotaka kupita wewe. Kengele haimgombezi mtu. Kila mtu huku, toka mtoto wa chekechea, akisikia mlio ule anajua ni baiskeli na anajua iko nyuma. Anajisogeza bila hata kukatiza mazungumzo.

Mimi kengele naihesabu kuwa hodi. Ukipiga hodi hujapata ruhusa ya kuingia. Umemjulisha mwenyeji kwamba upo, kisha unasubiri neno lake. Sasa wapo vijana wanaopiga kengele kama mgambo anayedai ushuru, mfululizo, huku wanazidi kukanyaga. Ugomvi mwingi wa vichochoro vya sokoni ninaousikia huanzia hapo.

Nipige nikiwa umbali gani?

Baiskeli yenye mzigo wa kawaida kwenye njia tambarare kama zetu huenda kama kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne na kidogo kila sekunde. Ukipiga kengele ukiwa mita 20 nyuma ya mtu, umempa karibu sekunde tano: asikie, aelewe, amvute mtoto mkono, asogee. Ukipiga ukiwa mita nne umempa sekunde moja. Huyo hukumjulisha, umemshtua.

Kwa hiyo hesabu hatua ishirini na tano hivi. Piga mara moja, au mbili za haraka, kisha acha. Asiposogea, punguza mwendo ndipo upige tena. Na ukimpita sema asante, au shikamoo kama ni mtu mzima. Mzee aliyekupisha na ndoo yake ya maji amekufanyia hisani, hakuwa anakudai wala humdai.

Mbona madereva hawasikii kengele yangu?

Hawataisikia. Dereva yuko ndani ya bati, vioo amefunga kwa sababu ya vumbi, injini inanguruma na redio inaimba. Bodaboda naye ana helmeti na injini iko chini ya kiti chake. Kengele ni ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli wenzako. Kwa gari, kinachokusaidia ni kuonekana (tazama sehemu ya mwanga) na kushika mstari wako ulionyooka upande wa kushoto bila kuyumba.

Ndani ya kengele mna nini, na kwa nini yangu inakoroma?

Shika kile kikombe cha juu ukifungue kwa mkono. Utakuta kidole cha kubonyezea kilichochongwa meno kwa ndani, springi, gurudumu dogo la meno moja au mawili, na kipande chembamba cha bati chenye washa mbili (vile vibati vya duara vyenye tundu katikati) zilizo legelege kwenye ncha zake. Ukibonyeza, meno yanazungusha gurudumu, lile bati linazunguka mbio, na washa zinarushwa nje zikaupige ukuta wa kikombe. Ukiachia, springi inakirudisha kidole mahali pake. Ndiyo yote. Hakuna umeme wala uchawi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuifungua na kuirudisha.

Inakoroma kwa moja kati ya sababu tatu. Ya kwanza ni vumbi. Mwezi wa nane na wa tisa vumbi la Tabora ni laini kama unga wa muhogo, na likikutana na grisi linageuka udongo wa kukandika. Futa kila kitu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, acha pakauke, kisha dondosha tone moja la oili ya cherehani kwenye pini ya katikati. Tone moja, na usiweke grisi. Washa ziache kavu, zinatakiwa kuchezacheza.

Sababu ya pili ni kikombe kuguswa na kitu: waya wa breki, mfuko ulioning'inizwa kwenye usukani, stika ya timu. Gonga glasi tupu na kijiko, kisha ikumbatie kwa kiganja ugonge tena, utaelewa. Chuma hakiwezi kulia kama hakina nafasi ya kutetemeka. Ya tatu ni kutu au springi iliyokatika. Kutu kidogo isugue kwa msasa laini. Springi ikishakatika nunua nyingine, usinipotezee muda na wewe usipoteze wako.

Niifunge upande gani?

Pale ambapo kidole gumba kinaifikia bila kiganja kuachia usukani. Hilo ndilo la lazima. Nawaona watu wengi wameifunga katikati, karibu na shina la usukani, kwa sababu inapendeza hapo. Inapendeza kweli, lakini kila ukitaka kuipiga lazima mkono utoke kwenye breki, na saa unayohitaji kengele ndiyo saa hiyohiyo unayohitaji breki.

Wengi huku wanafaa kuiweka kushoto. Mkono wa kulia ndio unaounyoosha kuonyesha kwamba unakata kulia, kuvuka njia ya magari, na wakati huo wa kushoto unabaki na kazi zote. Ila kama kidole gumba chako cha kushoto kina kovu au ganzi, weka kulia, hakuna atakayekucheka.

Bomba la usukani penye mishikio lina unene wa milimita 22 hivi, na kengele nyingi zimekatwa kwa kipimo hicho. Ukikuta inazunguka hata baada ya kukazwa, kata ukanda wa tyubu kuukuu, zungushia bomba, kisha kaza juu yake. Mpira huo pia unazuia kengele kujilizaliza yenyewe kwenye makorongo.

Kengele ipi ni nzuri?

Yenye kikombe cha chuma kizito. Ya plastiki iliyochorwa katuni mnunulie mtoto anayezunguka uani. Igonge kwa kucha ukiwa dukani: mlio ukikatika papo hapo, irudishe, ukibaki unaelea hewani sekunde mbili tatu, lipa uondoke.

Naweza kufunga honi ya betri, king'ora au spika ya muziki?

Honi ya betri inasikika mbali, sikatai, lakini inamdanganya mtu. Akisikia honi ya pikipiki anaruka kama anayekwepa pikipiki, na akaona ni wewe na kikapu cha nyanya, siku nyingine haruki kwa lolote. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usalama barabarani, kifungu cha 44, unaitaka baiskeli inayovuka mpaka wa nchi iwe na kengele inayosikika umbali wa kutosha, na isibebe chombo kingine cha kupiga mlio. Walioandika hayo walikuwa na akili ileile ya wazee wetu: kila mnyama na mlio wake.

Spika ya muziki ni hasara tupu. Inafunika kengele yako mwenyewe, na inafunika lori linalokuja nyuma.

## Breki, kwa sababu kengele haisimamishi baiskeli

Nina hela ya kitu kimoja tu. Nianze na kipi?

Breki. Halafu taa ya nyuma au riflekta. Halafu kengele. Fundi anayeuza kengele kukuambia hivi anajiharibia biashara, lakini nimeshazinyoosha rimu nyingi zilizopinda za watu wenye kengele mbili na raba za breki zilizoisha.

Nitajuaje kwamba raba zimeisha?

Raba mpya ina mifereji. Mifereji ikifutika, imeisha, hata kama bado inashika. Ukisikia chuma kinasaga chuma umechelewa, sasa unakula rimu. Bonyeza mkono wa breki: ukigusa usukani kabla gurudumu halijafunga, kaza waya. Kwa baiskeli zile nyeusi za mtindo wa Phoenix na Avon, ambazo breki zake ni fito za chuma badala ya waya, tazama pia skrubu za kiungio chini ya usukani. Zinalegea kimyakimya. Unabana breki, fito inateleza ndani ya kiungio, na wewe unaendelea na safari.

Kagua na usawa wa raba: ikae kwenye chuma cha rimu tu. Ikigusa tairi inalitoboa ubavuni, na tundu la ubavuni halina kiraka cha kuaminika.

Ni kweli breki ya mbele inaangusha?

Inaangusha ikibanwa ghafla. Lakini ndiyo inayosimamisha kuliko ya nyuma, kwa kuwa ukipunguza mwendo uzito wako wote unaegemea mbele. Anayetegemea ya nyuma peke yake anaburuza tairi na bado anafika alikokuwa anakimbia kutofika. Bana zote mbili, ya nyuma ianze kidogo, ya mbele ifuate polepole, na sogeza makalio nyuma ya kiti.

Mchanga ni habari nyingine. Njia zetu nyingi za pembeni, ukishaacha lami, zina mchanga mlegevu, na gurudumu la mbele likifunga ndani yake linazama na kupinda. Hapo tumia ya nyuma na punguza mwendo kabla ya kuingia. Ukiwa na gunia kwenye keria, uzito uko nyuma, kwa hiyo breki ya nyuma inapata nguvu kuliko kawaida. Usiisahau ya mbele hata hivyo.

Mvua ikinyesha breki zinagoma. Zimeharibika?

Hazijaharibika. Rimu za chuma zilizong'arishwa zikilowa zinakuwa kama sahani yenye sabuni, raba inateleza juu ya maji. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hesabu kwamba utahitaji umbali mara mbili au zaidi wa kusimama. Zoea kubana kidogokidogo kabla hujafika unapotaka kusimama. Raba inafuta maji mizunguko kadhaa ndipo inashika. Rimu za alumini zina unafuu kidogo kwa hili. Na uioshe baiskeli baada ya tope, mchanga ulionasa kwenye raba unakwangua rimu kama msasa.

## Mwanga

Natoka alfajiri, siyo usiku. Nahitaji taa?

Unahitaji kuliko mtu wa Dar es Salaam. Saa zetu ni moja nchi nzima, lakini jua halisomi saa. Tabora iko magharibi, na huku linachomoza karibu dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam. Kigoma linachelewa zaidi. Mwezi wa saba hapa jua linatoka karibu saa moja kamili asubuhi. Sasa fikiria mwanafunzi, muuza maziwa na mama wa mchicha, wote wanatoka nyumbani saa kumi na mbili. Kwao hiyo ni asubuhi. Kwa dereva wa basi linalowahi ni giza, tena lenye vumbi.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Piga hesabu mwenyewe anahitaji kukuona mapema kiasi gani.

Taa ya simu inatosha?

Ni bora kuliko kukosa, ila mkono ulioshika simu haushiki breki, na ukiitia mfukoni mwa shati inamulika kidevu chako. Kama huna kingine, ifunge kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, ielekeze chini kama hatua sita mbele ya gurudumu. Usiielekeze machoni pa anayekuja. Akipofuka atakuja kwako.

Mbele iwe nyeupe, nyuma iwe nyekundu. Mtu alinijia na taa nyeupe nyuma kwa sababu nyekundu zilikuwa zimeisha dukani. Nikamwambia bora aizime. Dereva akiona nyeupe anajua unakuja kuelekea kwake, anapanga kukupisha kama wa mbele kumbe anakufuata mgongoni.

Dinamo ya zamani bado ina faida?

Ina faida kubwa kwa anayekaa mbali na duka la betri. Ile chupa inayosuguana na tairi inatoa volti 6 na wati 3, zilizokusudiwa kuwasha balbu ya mbele na kidogo ya nyuma. Kasoro zake mnazijua: ukisimama inazimika, kwenye tope inateleza, na inaongeza uzito wa kukanyaga. Siku hizi zipo taa za LED zilizotengenezwa kwa ajili ya dinamo, zinaangaza vizuri hata kwa mwendo mdogo, na baadhi zinabaki na mwanga kidogo ukisimama.

Ikikataa kuwaka, kabla hujailaumu kagua mguso na fremu. Waya ni mmoja tu; umeme unarudi kupitia chuma cha baiskeli. Rangi mpya uliyopaka fremu ndiyo mara nyingi imekata njia. Kwangua rangi kidogo pale skrubu ya dinamo inapogusa.

Riflekta ina kazi gani kama nina taa?

Taa ina betri, na betri huisha bila kukuaga. Ya nyuma hata hujui imezimika saa ngapi. Riflekta haina cha kuisha. Ndani yake kuna pembe ndogondogo nyingi ambazo zinaurudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo anayekumulika ndiye anayekuona. Ifute vumbi kwa kidole kila asubuhi, maana ikivaa vumbi jekundu ni kama haipo. Zile za njano za kwenye pedali zina faida yake: zinapanda na kushuka, na dereva akiona vitu viwili vinapanda na kushuka anajua ni mtu.

Kizibao cha riflekta kama cha bodaboda ni kitu kizuri, mradi usikifunike na begi. Kitambaa kile chenye rangi kali kinasaidia mchana na jioni. Usiku kinachofanya kazi ni ile mistari ya fedha tu. Kikifuliwa mpaka mistari ikabanduka, kimebaki nguo.

## Kichwa, miguu na mzigo

Helmeti kwa baiskeli si maringo?

Nimeulizwa kwa kicheko mara nyingi, na wanaouliza ndio haohao waliozoea kumwona bodaboda nayo. Kichwa hakijui umeanguka kutoka kwenye nini. Ndani ya helmeti ya baiskeli kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalokuja limezunguka televisheni ndani ya boksi. Ukianguka, povu linabonyea badala ya fuvu, na likishabonyea halirudi. Maana yake ni kwamba helmeti iliyopigwa sana mara moja imemaliza kazi, hata kama kwa nje inang'aa.

Ndiyo sababu naogopa za mtumba. Ukinunua, geuza ndani utafute nyufa kwenye povu na uangalie kibandiko: EN 1078 ni kiwango cha Ulaya, CPSC ni cha Marekani. Kuivaa: ikae mlalo, vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na kati ya kidevu na mkanda vipite vidole viwili tu. Ile inayovaliwa kisogoni kama kofia ya sherehe inalinda kisogo, na wengi huanguka kwa mbele.

Nitumie helmeti ya pikipiki, au kofia ya mjengo?

Ya pikipiki italinda, lakini ni nzito, inaziba masikio, na mchana wa Oktoba utaivua kabla hujafika Ipuli. Kwa safari fupi ya usiku, sawa. Kofia ya mjengo imetengenezwa kwa tofali linalodondoka kutoka juu. Haikuwekwa kwa ajili ya kupigwa ubavuni, na nyingi hazina mkanda wa kidevu. Utaanguka wewe huku, yenyewe kule.

Nampakia mtoto nyuma. Nizingatie nini?

Kisigino. Sijui mzazi gani hajaisikia habari hii: mtoto kasinzia, mguu umening'inia, ukaingia kati ya spoku na fremu. Gurudumu halisimami mpaka limeshaumiza, na kidonda cha kisigino kinachukua muda mrefu kupona.

Funga vikanyagio viwili kwenye ekseli ya nyuma. Kisha ziba spoku. Huhitaji kitu cha dukani: chukua dumu la mafuta la lita 20 lililotoboka, kata kuta zake mbili, toboa matundu pembeni, funga kwa waya mwembamba kwenye madigadi na kwenye zile fito za keria, upande huu na upande ule. Mtoto avae viatu, akae ametanua miguu, mikono kiunoni kwako. Usimkalishe kwenye bomba la mbele ukiwa unapita njia yenye makorongo, ukibana breki anaupiga usukani na mdomo. Naye pia anahitaji helmeti. Hoja ni zilezile za hapo juu.

Abiria wangu amevaa kitenge na anakaa upande. Miguu iwe wapi?

Kushoto. Cheni iko kulia na magari yanakupita kulia, sababu mbili kwa mpigo. Kitenge, kanga au baibui, achukue ncha azikalie. Nguo ikianza kuvutwa na gurudumu kila mmoja anavuta kwake, na gurudumu ndilo linaloshinda. Kile kizibaji cha dumu nilichoeleza kwenye swali lililopita kinafanya kazi hata hapa. Kwa anayekanyaga mwenyewe akiwa amevaa sketi ndefu au suruali pana, kava la cheni lisivuliwe. Vijana wanalivua baiskeli iwe nyepesi, kisha wanakuja kwangu na suruali iliyochanika mpaka goti.

Nabeba mkaa magunia mawili. Kengele inanisaidia nini?

Inakusaidia zaidi kuliko asiye na mzigo, kwa sababu huwezi kusimama haraka wala kukwepa. Piga mapema, maradufu ya umbali nilioutaja juu. Lakini lipo tatizo kubwa kuliko hilo: magunia yamefunika taa na riflekta ya nyuma. Anayekufuata haoni kitu ila weusi juu ya weusi. Hamisha riflekta uishonee kwenye gunia la nyuma kabisa, au funga mbili, moja kila kona, dereva ajue upana wako.

Panga mzigo chini na karibu na mgongo wako. Ukirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unatetemeka wenyewe. Babu zetu walipokuwa wapagazi walisawazisha mzigo kabla ya kuinua, hawakusubiri njiani. Kwenye mteremko shuka usukume. Najua hamshuki, ila mimi nimesema.

## Mambo yanayotokea mara chache

Nifanyeje kwenye makutano ya reli?

Reli iko hapa tangu 1912 na bado watu wanavuka kama hawajawahi kuiona. Vua spika za masikioni, simama, tazama pande zote mbili. Treni ya mizigo iliyoshika kasi inahitaji mamia ya mita kusimama, kwa hiyo kama unajadiliana nayo nani atangulie, ni yeye. Kisha vuka kwa pembe mraba. Ukivuka kwa mshazari gurudumu linanasa kwenye mfereji wa reli au linateleza juu ya chuma, hasa kikiwa kimelowa. Ukiwa na mzigo, shuka.

Nimepiga kengele mara tatu na mtu hasogei. Ana dharau?

Huenda hasikii. Wapo viziwi, wapo wenye spika za masikioni, na wapo wazee ambao masikio yao yameanza kupoteza sauti nyembamba kwanza, na mlio wa kengele ni mwembamba. Chukulia kila asiyesogea kuwa hajakusikia. Punguza mpaka mwendo wa kutembea, mpite kwa nafasi, na akikuona mpungie mkono.

Kama asiyesikia ni wewe mwendeshaji, bado funga kengele, ni ya masikio ya wengine. Ongeza kioo upande wa kulia wa usukani, ambako magari yanakupita. Nimefunga vioo vya pikipiki kwenye baiskeli kadhaa. Vinakaa vizuri ukitumia ule ukanda wa tyubu.

Ng'ombe wanaelewa kengele?

Wanaelewa kwamba kuna kelele. Wengine wanasimama wakutazame. Usiipige katikati ya kundi. Subiri, zungumza na mchungaji. Vijijini salamu moja ya asubuhi, "Mwangaluka!", inafungua njia kuliko kengele kumi, maana mchungaji akikuitikia anawasogeza mwenyewe. Mbuzi ndio wa kuogopa. Mama akikimbilia upande mmoja na mtoto upande wa pili, subiri, kwa kuwa mmoja kati yao atarudi kumfuata mwenzake, na atapita mbele ya gurudumu lako.

Kengele inaibwa kila nikiacha baiskeli sokoni. Kuna dawa?

Ikaze kwa skrubu, kisha jaza gundi ya chuma kwenye mfereji wa kichwa chake. Mwizi wa kengele ana bisibisi na sekunde kumi. Ukimnyima zote mbili anahamia baiskeli ya jirani. Kikombe anaweza kukifungua kwa mkono, kwa hiyo wengine wanakifungua wenyewe na kuingia nacho sokoni mfukoni. Mzee mmoja mteja wangu hukitumia hukohuko kupimia karanga za kuonja.

Trafiki anaweza kunisimamisha kwa ajili ya vitu hivi?

Anaweza. Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30 ya 1973, haikuandikwa kwa ajili ya magari peke yake, na mwenye baiskeli naye ni mtumiaji wa barabara. Salimia, shuka, msikilize. Baiskeli yenye breki inayoshika na riflekta inayoonekana haina mazungumzo marefu.

Baiskeli ni ya kuazima. Nikague nini kabla ya kupanda?

Inua mbele, izungushe, bana breki. Inua nyuma, fanya vivyo hivyo. Shika kila gurudumu ulitikise kushoto na kulia. Likicheza, nati zimelegea. Simama mbele, bana gurudumu kati ya mapaja, jaribu kupinda usukani. Bonyeza matairi. Piga kengele. Dakika mbili, na mwenye baiskeli akikasirika kwamba unaikagua, usiipande.

Njia yangu inapita mbele ya nyumba yenye msiba, na watu wamejaa mpaka barabarani. Nipige kengele?

Hapana. Shuka mita thelathini kabla, ushike kikombe cha kengele kwa kiganja kisijilizelize kwenye mawe, sukuma baiskeli kwa miguu, na uwape pole walio karibu. Wakiwa wanatoka na jeneza, egemeza baiskeli pembeni usubiri. Ukishapita umati wote ndipo upande tena.